Picha ya Mwigizaji Ellen Terry na Somo Lake kwa Wasanii Wetu

Fundi seremala akimaliza kazi, meza inabaki. Mshonaji akimaliza, nguo inabaki. Mwigizaji wa jukwaani akimaliza kazi yake, pazia hufungwa, taa huzimwa na watu huenda nyumbani. Kilichobaki ni kumbukumbu tu, nayo huzeeka pamoja na wale walioketi ukumbini usiku huo.

Kila mwaka shule za kaunti hushindana katika tamasha za drama, vikundi vya vijana huigiza masokoni na kwenye mikutano ya hadhara, na wanafunzi wa shule za upili husoma tamthilia kwa ajili ya mtihani. Kazi hiyo yote huchukua jasho la miezi mingi. Baada ya mwaka mmoja au miwili, ni nadra kumpata mtu anayeweza kuonyesha ilivyokuwa.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa kazi ya mwigizaji iliyohifadhiwa kwa njia ambayo haikutarajiwa. Ni picha ya rangi za mafuta ya Ellen Terry, mwigizaji wa Uingereza, iliyochorwa mwaka 1889 na John Singer Sargent. Leo iko katika jumba la sanaa la Tate Britain, jijini London.

Picha yenyewe

Mtu anayesimama mbele ya picha hii huitazama akiinua kichwa. Turubai ina urefu wa sentimita 221 na upana wa sentimita 114 hivi. Mwanamke aliyechorwa amesimama wima, na mikono yake yote miwili imeinuliwa ikishika taji la dhahabu juu ya kichwa chake mwenyewe. Macho ameyatoa, mdomo umefunguka kidogo. Misuko miwili mirefu ya nywele nyekundu inateremka hadi chini ya kiuno. Gauni lake ni la kijani na buluu, lina mng'ao kama wa magamba ya nyoka, na juu yake amejitanda joho zito la rangi ya zambarau.

Huyo ni Lady Macbeth, mhusika katika tamthilia ya William Shakespeare iitwayo Macbeth. Katika hadithi hiyo, wachawi watatu wanamtabiria jemadari wa Scotland kwamba atakuwa mfalme. Mkewe anamhimiza asisubiri, bali amuue Mfalme Duncan aliyelala nyumbani mwao kama mgeni. Taji wanalipata. Usingizi na amani wanavipoteza, na mwishowe wote wawili wanaangamia. Wasomaji wa Kiswahili waliipata tamthilia hiyo mwaka 1968, ilipotafsiriwa na S. S. Mushi kwa jina la Makbeth.

Msichana aliyekulia jukwaani

Ellen Terry alizaliwa Februari 27, 1847, mjini Coventry. Wazazi wake walikuwa waigizaji waliozunguka mji hadi mji kutafuta riziki, na watoto waliingia kazini mapema. Mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka tisa, alipanda jukwaa la Princess's Theatre jijini London kwa mara ya kwanza, akiigiza mtoto wa kiume wa mfalme. Malkia Victoria alikuwa miongoni mwa watazamaji. Usiku huo binti huyo alijikwaa kwenye kigari cha kuchezea alichokuwa akikivuta, akaanguka mbele ya watu wote. Aliendelea.

Baadaye, katika tamthilia nyingine, mlango wa sakafu ya jukwaa ulifungwa ukambana kidole cha mguu. Mke wa mkuu wa kampuni alimwahidi kwamba akimaliza maneno yake, mshahara utaongezwa mara mbili. Msichana alimaliza huku akilia, na mshahara ukaongezwa. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1908.

Sura inayofuata ya maisha yake si ya kufurahisha. Mwaka 1864, ikiwa imebaki wiki moja atimize miaka 17, aliolewa na mchoraji mashuhuri George Frederic Watts, aliyekuwa na umri wa miaka 46. Sheria ya Uingereza ya wakati huo iliruhusu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 isingeruhusu, kwani inataka kila anayefunga ndoa awe ametimiza miaka 18. Watts alimchora bibi arusi wake akichagua kati ya ua kubwa lisilo na harufu na maua madogo yenye manukato, picha ambayo ingali ipo. Ndoa haikutimiza mwaka. Msichana alirudishwa kwa wazazi wake.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Ellen Terry alichorwa mara nyingi maishani. Katika picha ya Watts ni msichana anayetazamwa. Katika picha ya Sargent, miaka 25 baadaye, ni mtu aliye kazini.

Mama wa watoto wawili arudi kazini

Baada ya ndoa hiyo kuvunjika, Terry aliishi na msanifu majengo Edward William Godwin, akaiacha kazi ya jukwaani kwa miaka kadhaa. Walizaa watoto wawili: Edith mwaka 1869 na Edward Gordon mwaka 1872. Kwa kuwa hawakuwa wameoana, jamii ya wakati huo iliwasema vibaya. Pesa nazo zilikwisha, na wadai wakaanza kubisha hodi.

Siku moja gurudumu la gari lake la farasi lilichomoka njiani huko mashambani. Miongoni mwa wapita njia alikuwemo mwandishi Charles Reade, aliyemfahamu tangu zamani. Alimuuliza kwa nini asirudi jukwaani. Terry alijibu kwamba angefikiri iwapo angelipwa pauni 40 kwa wiki, kiasi kikubwa sana siku hizo. Reade alikubali papo hapo. Mwaka 1874 akarudi kazini.

Mwaka uliofuata aliigiza Portia, yule mwanamke anayevaa mavazi ya wakili na kumwokoa mdaiwa mahakamani katika tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Jina lake likavuma. Mwishoni mwa mwaka 1878 mwigizaji Henry Irving, aliyekuwa ameshika usukani wa Lyceum Theatre ya London, alimwajiri awe mwigizaji wake mkuu wa kike. Ushirikiano wao ulidumu zaidi ya miaka 20. Walizuru Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1883, wakarudi mara kadhaa. Meneja wa shughuli za ukumbi huo alikuwa Bram Stoker, ambaye baadaye aliandika riwaya ya Dracula.

Hata hivyo, Irving ndiye aliyechagua tamthilia, na alichagua zile zilizokuwa na nafasi kubwa kwake. Watu wengi waliamini kwamba Terry angefaa kuliko wote kuigiza Rosalind, msichana mcheshi na mwenye akili katika As You Like It. Tamthilia hiyo haikuwa na nafasi ya kumridhisha Irving, kwa hiyo haikuchezwa Lyceum katika miaka yote hiyo. Kipaji chake kilikuwa mikononi mwa mwenye ukumbi.

Gauni la mbawakawa

Macbeth ilifunguliwa Lyceum Desemba 29, 1888. Maleba ya Terry yalibuniwa na Alice Comyns Carr, na kushonwa na fundi wake, Ada Nettleship. Walitaka vazi linalofanana na deraya ya chuma na wakati huohuo lifanane na ngozi ya nyoka. Hawakupata kitambaa cha namna hiyo dukani.

Suluhisho lao litaeleweka na kila mama wa Kenya anayefuma vitambaa vya kufunikia makochi. Gauni lilifumwa kwa mkono, kwa uzi laini wa kijani uliochanganywa na uzi wa buluu wenye kumetameta. Kisha likashonewa mbawa halisi za mbawakawa wa kijani, zipatazo 1,000. Sehemu iliyotumika ni yale magamba magumu yanayofunika mgongo wa mdudu huyo, ambayo hung'aa kama chuma iliyopakwa rangi. Taa za jukwaa zilipolimulika, gauni liliwaka kila mwigizaji alipopiga hatua.

Uigizaji wenyewe ulizua ubishi. Tangu enzi za Sarah Siddons, mwigizaji mkuu wa karne iliyotangulia, watazamaji walizoea kumwona Lady Macbeth kama jitu katili. Siddons naye alichorwa, na Joshua Reynolds, mwaka 1784, akiwa ameketi kwenye kiti kama cha enzi. Terry aliisoma tamthilia upya na kuandika maoni yake pembezoni mwa kurasa. Alimwona mhusika huyo kuwa mwanamke anayempenda mumewe kupita kiasi, akamsukuma kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa na nguvu za kulibeba. Wahakiki wengine walimsifu. Wengine walisema ni mpole mno kuwa muuaji. Ukumbi ulijaa, na tamthilia ikachezwa takriban mara 150.

Mchoraji aliyekuwa ukumbini

John Singer Sargent alikuwa miongoni mwa watazamaji wa usiku wa kwanza. Alizaliwa mwaka 1856 mjini Florence, Italia, kwa wazazi Wamarekani, akajifunza uchoraji Paris. Mwaka 1884 picha yake ya mwanamke mmoja wa tabaka la juu ilizua kashfa kubwa jijini humo, na miaka miwili baadaye alihamia London. Alipomwona Terry akiingia na gauni lile, aliazimia kumchora.

Terry alikwenda kwenye chumba cha kazi cha Sargent, mtaa wa Tite Street, akiwa amevaa maleba kamili. Oscar Wilde, mwandishi aliyeishi mtaa huohuo, alimwona akishuka kwenye gari la farasi, akatania kwamba mtaa uliompokea Lady Macbeth asubuhi ya mvua hauwezi tena kuwa mtaa wa kawaida.

Jambo la kushangaza ni kwamba tukio lililo kwenye picha halikutokea jukwaani. Katika maonyesho ya Lyceum hapakuwa na wakati wowote ambapo Lady Macbeth alijivika taji. Sargent alilibuni. Alitaka kuonyesha kwa ishara moja tamaa ambayo tamthilia nzima inaieleza kwa saa kadhaa: mwanamke ananyanyua kitu alichokitamani sana, na macho yake yanaonyesha tayari kwamba kitamuua.

Picha ilionyeshwa hadharani mwaka 1889 katika New Gallery, ikazungumzwa London nzima. Kama uigizaji wenyewe, iliwagawa watu. Irving aliinunua akaitundika katika chumba cha Lyceum alimowakaribishia wageni chakula cha usiku. Mwaka 1906, baada ya kifo chake, Joseph Duveen aliikabidhi kwa taifa. Terry mwenyewe aliandika kwamba picha ile ilikuwa na yote aliyotamani kuyaonyesha katika uigizaji wake wa Lady Macbeth.

Mashahidi wanne

Mwanafunzi wa historia au fasihi anayetaka kujua Terry aliigizaje mwaka 1888 ana mashahidi wanne, na kila mmoja anasema sehemu tu ya ukweli.

Wa kwanza ni picha za kamera. Terry alipigwa picha akiwa ndani ya gauni lile. Picha hizo zinaonyesha sura yake halisi na jinsi nguo ilivyomkaa. Lakini hazina rangi, na mtu alilazimika kukaa bila kutikisika mbele ya kamera za wakati huo. Gauni lililowaka jukwaani linaonekana kama blanketi zito.

Wa pili ni picha ya Sargent. Hii inatoa rangi, mng'ao na msisimko wa usiku ule. Lakini inaonyesha tendo lisilokuwepo. Anayeichukua kama ushahidi wa kila kitu kilichotokea jukwaani atakosea.

Wa tatu ni gauni lenyewe, ambalo lipo hadi leo. Linaonyesha kazi ya mikono ya mafundi, mshono kwa mshono, pamoja na marekebisho yaliyofanywa kadiri miaka ilivyopita.

Wa nne ni maandishi: maoni ya wahakiki magazetini, barua za Terry na yale aliyoandika pembezoni mwa kitabu chake. Hayo yanaeleza alichokusudia. Sauti yake katika tamthilia hii, mwendo wake na ukimya wa ukumbi haviwezi kurudi.

Somo hili lina manufaa hata nje ya ukumbi wa maonyesho. Picha yoyote, iwe ya gazetini, ya bango au ya simu, inastahili kuulizwa maswali hayohayo. Nani aliitengeneza? Alitaka mtazamaji aamini nini? Kipi kimeongezwa, na kipi kimeachwa nje?

Heshima iliyochelewa

Ushirikiano wa Terry na Irving ulimalizika mwaka 1902. Irving alikuwa amepewa cheo cha heshima na ufalme mwaka 1895, mwigizaji wa kwanza kupata hadhi hiyo. Terry, aliyesimama jukwaani naye kwa miaka yote hiyo, alingoja hadi mwaka 1925. Katikati ya kipindi hicho hakukaa bure. Mwaka 1906 waigizaji wenzake walimwandalia sherehe kubwa katika ukumbi wa Drury Lane kuadhimisha miaka 50 ya kazi yake. Mwaka 1911 alirekodi sauti yake jijini New York. Alizuru Uingereza, Marekani na Australia akitoa mihadhara kuhusu wanawake wa tamthilia za Shakespeare, hata macho na kumbukumbu zilipoanza kumsaliti. Katika mihadhara hiyo aliweza hatimaye kuyasema maneno ya Rosalind.

Alifariki Julai 21, 1928, katika nyumba yake ya mashambani, Smallhythe Place, kusini mwa Uingereza. Binti yake Edith, mwongozaji wa maonyesho, aliigeuza nyumba hiyo kuwa makumbusho ya mama yake, na mwaka 1939 akaikabidhi kwa shirika la kuhifadhi turathi la nchi hiyo. Kwa sababu ya uamuzi wa binti huyo, gauni la mbawakawa halikuuzwa wala kutupwa.

Hata hivyo lilichakaa. Uzi ulivutika kwa uzito, mbawa zikavunjika na kudondoka. Wahifadhi walilifanyia kazi kwa takriban saa 1,300, na gharama ikafika karibu pauni 110,000. Mbawa zilizovunjika ziliungwa moja moja kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Mwaka 2011 gauni lilirudi Smallhythe, likaonekana tena kwa umma.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Kifungu cha 11 cha Katiba ya Kenya kinatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne linaweka shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Lakini kisa cha Ellen Terry kinaonyesha kwamba uhifadhi huanza kabla ya serikali kufika. Ulianza na fundi aliyeshona vizuri, mchoraji aliyekuwa makini, na binti aliyekataa kutupa vitu vya mama yake.

Shule, vikundi na familia zenye wasanii zinaweza kuanza na hatua hizi:

1. Andika kwa penseli nyuma ya kila picha iliyochapishwa: jina la mchezo, majina ya walioonekana, mahali na mwaka. Picha isiyo na majina hupoteza nusu ya thamani yake.

2. Hifadhi nakala ya mswada uliotumika pamoja na maelekezo yaliyoandikwa pembezoni. Taja pia mwongozaji, mshonaji wa maleba na wapiga ngoma.

3. Maleba yafuliwe au yapunguzwe vumbi kulingana na kitambaa, yakaushwe kabisa, kisha yafungwe kwa kitambaa safi cha pamba. Yasiachwe juani wala ndani ya mfuko wa plastiki unaoshika unyevu. Nguo nzito ilazwe, isitundikwe.

4. Mhoji msanii mzee angali hai. Simu yenye kinasa sauti inatosha. Weka nakala mahali pawili tofauti.

5. Mwombe mchoraji wa mtaani achore wasanii wenu, si wanasiasa na wachezaji mpira wa ng'ambo peke yao.

Maswali ya kujadili darasani au kwenye kikundi

1. Kwa nini Sargent alichora tendo ambalo halikutokea jukwaani? Je, alikosea?

2. Taja mambo mawili ambayo gauni linaweza kutufundisha na ambayo picha haiwezi.

3. Linganisha njia ambazo Terry alipata riziki na changamoto za wasanii wa kike katika eneo lenu leo.

4. Ni mwigizaji, mtambaji au mwimbaji gani wa eneo lenu ambaye kazi yake itapotea ndani ya miaka 10 isipohifadhiwa? Nani ana picha yake?

Swali la nne halihitaji kusubiri darasa. Linaweza kuulizwa nyumbani jioni ya leo, wakati wale wanaojua jibu bado wapo.